Lenzi ya makro kwa matumbawe ya kwenye tangi: pima kwanza, nunua baadaye

Leo naomba siasa tuiweke pembeni, haitakimbia, kesho tutaikuta palepale. Nataka tuzungumzie kitu kilichonilia pesa na kuninyima usingizi: namna ya kuchagua lenzi ya makro ya kupigia picha matumbawe yanayofugwa kwenye matangi ya kioo.

Najua kuna watakaosema "huyu naye kaanza mambo ya wazungu". Subirini kidogo. Hesabu nitakazotoa hapa ni zilezile utakazozihitaji ukitaka kupiga picha ya nyuki, mbegu, pete, kito cha tanzanite au samaki wa kwenye tangi la kinyozi hapo mtaani. Kama uko kafe na dakika zinakuishia, kopi makala uiweke kwenye flashi, ukasome taratibu nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Tanga, kwa sasa nipo Uingereza nasoma. Wikiendi nafanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo. Pale tunauza pia vipande vya matumbawe hai, vile vidogo vilivyogandishwa kwenye kijiwe, mteja anakwenda kuvikuza tangini kwake. Wateja wengi wanachagua kwa kuangalia picha kwenye mtandao. Siku moja bosi akaniambia, "Picha zetu mbaya. Ukiweza kupiga nzuri nakuongezea masaa ya kazi."

Mimi huyo mbio. Kamera nilikuwa nayo, DSLR ya mtumba yenye sensa ya APS-C. Nikanunua lenzi ya makro ya mm 40 kwa pauni 180, pesa ambayo ilikuwa sehemu ya ada ya mdogo wangu. Nilijiambia masaa ya ziada yataifidia ndani ya mwezi. Usiku nikaijaribu nyumbani kwenye sarafu, ikatoka picha safi kabisa, mpaka mikwaruzo unaihesabu. Jumamosi nikaipeleka dukani. Mdomo wa lenzi ukagusa kioo, tumbawe liko sentimita 15 ndani, na kwenye picha limetoka dogo vilevile kama nilivyokuwa nalipata kwa lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera. Yaani nimetoa pauni 180 kununua kitu nilichokuwa nacho tayari!

Jioni simu ikaingia. "Shikamoo kaka. Ada vipi?" Nikamjibu avute subira wiki mbili. Zilikuwa wiki tano.

Lenzi haikuwa mbovu, naomba nieleweke. Mbovu alikuwa mnunuzi aliyenunua bila kupima. Kwa hiyo twende hatua kwa hatua, ili wewe usile wa chuya kama mimi.

1. Makro maana yake nini hasa

Wauzaji wanaandika "makro" kwenye kila kitu. Makro ya kweli ni ile inayofika 1:1. Maana yake, kitu chenye urefu wa mm 10 kinaangukia kwenye sensa kikiwa na mm 10 zilezile. Ikiandikwa 1:2, kinaangukia na mm 5. Ikiandikwa 1:4, hiyo ni lenzi ya kawaida inayojikaza tu.

Sasa angalia upana wa sensa yako. Sensa kubwa, ile inayoitwa fremu kamili, ina upana wa mm 36. APS-C ina kama mm 22 hadi 23 na ushee. Zile za Olympus na Panasonic za mfumo wa Micro Four Thirds zina kama mm 17. Kwa 1:1, huo upana ndio upana wa kitu kitakachojaza picha yako. Mwenye APS-C akipiga kwa 1:1 anajaza picha kwa kitu cha sentimita mbili na kitu. Hiyo ni kama upana wa kidole gumba.

2. Pima tumbawe lako kabla hujapima mfuko

Hapa ndipo wengi tunaporuka. Matumbawe hayalingani. Chukua rula, iweke nje ya kioo, upate makadirio:

- Euphyllia, yale yenye mikono mirefu inayopepea, mkungu mmoja unaweza kufika sentimita 10 au zaidi. Hapo huhitaji makro. Lenzi ya kawaida ya mm 18–55 inafika kama 1:3, yaani kwa APS-C inajaza picha kwa kitu cha sentimita 7. Inakutosha kabisa, usinunue kitu.
- Zoanthus, yale yanayofanana na vifungo vya rangi, kila kimoja ni kama sentimita 1 hivi. Ukitaka vitatu au vinne kwenye picha moja, 1:2 inatosha. Ukitaka kimoja kijae, hiyo ni 1:1 au zaidi.
- Acropora, yale yenye matawi kama pembe, kila polipu ni kama mm 1 hadi 2. Kwa 1:1 utapata ncha nzima ya tawi ikiwa na polipu nyingi, na hiyo ndiyo picha nzuri. Ukitaka polipu moja peke yake unahitaji zaidi ya 1:1, na hapo mambo yanakuwa magumu kwa sababu nitakazoeleza chini.

Kwa asiyejua: polipu ni mnyama mmoja mmoja, ana mdomo na mikono midogo. Tumbawe moja ni maelfu ya hao wameshikana. Mimi Tanga nilikua nikijua matumbawe ni mawe ya kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Siku ya kwanza kuona mdomo wa polipu ukifunguka kwenye skrini ya kamera nilinyamaza kidogo. Mawe yote yale yalikuwa mifupa.

3. Hesabu ya maji, hii ndiyo siri

Kila lenzi ya makro ina umbali wake wa kazi. Ni nafasi iliyopo kati ya mdomo wa lenzi na kitu unachopiga, ikiwa imefika 1:1. Angalizo: ule umbali wa chini kabisa unaouona kwenye tangazo unapimwa kutoka kwenye sensa, siyo kutoka kwenye mdomo wa lenzi. Lenzi ya mm 100 inayoandikwa sentimita 30 inakuachia nafasi ya kama sentimita 13 hadi 15 tu, kwa sababu zilizobaki zimeliwa na lenzi yenyewe na kamera. Mimi niliingia mkenge hapo. Lenzi yangu iliandikwa sentimita 16, nikadhani ninazo 16. Kumbe nafasi halisi ilikuwa kama tatu na nusu.

Habari njema ni kwamba maji yanakusaidia. Mwanga ukitoka majini kuja hewani unapinda, na kitu kilichomo majini kinaonekana kiko karibu kuliko kilivyo. Ukikitazama kwa kunyooka kwenye kioo bapa, kinaonekana kwenye robo tatu ya umbali wake wa kweli. Tumbawe lililoko sentimita 20 nyuma ya kioo, kwa lenzi liko kama sentimita 15. Ukubwa wake haubadiliki, umbali tu. Kioo chenyewe nacho kina unene. Kioo cha sentimita 1 kihesabu kama sentimita 0.7.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Chukua umbali wa kazi wa lenzi, toa 0.7, halafu gawa kwa 0.75. Jibu ndilo tumbawe la mbali kabisa unaloweza kulipiga kwa 1:1 huku lenzi imegusa kioo.

- Lenzi za mm 35–40, umbali wa kazi kama sm 3.5: unafika kama sm 4 ndani ya tangi. Hapo utapiga mwani ulioota kwenye kioo, basi.
- Lenzi za mm 60, kama sm 9: unafika sm 11.
- Lenzi za mm 90–105, kati ya sm 10 na 15: unafika sm 12 hadi 19.
- Lenzi za mm 150–180, kati ya sm 19 na 24: unafika sm 24 hadi 31.

Pima tangi lako kutoka kioo cha mbele mpaka lilipo tumbawe, linganisha na hiyo orodha, umemaliza nusu ya kazi. Kama tangi ni dogo na matumbawe yako mbele, mm 60 inakutosha na ni nyepesi. Kama ni tangi la kawaida la nyumbani, mm 100 ndiyo ya kati na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Ile ya mm 180 ni ya matangi makubwa, lakini ni nzito, inadai stendi na mwanga mwingi.

4. Majina yanayopatikana

Sitaki kumpigia mtu debe, nataja tu zile utakazokutana nazo kwenye mtumba.

Kwa Canon DSLR kuna EF-S 60mm f/2.8 ya mwaka 2005, hii ni ya APS-C peke yake. Kuna EF 100mm f/2.8 USM ya mwaka 2000, na ndugu yake mwenye kituliza mtikisiko, EF 100mm f/2.8L IS ya mwaka 2009. Kwa Nikon kuna 60mm f/2.8 na 105mm f/2.8 VR ya mwaka 2006. Tamron wana 90mm f/2.8, Sigma 105mm f/2.8, Tokina 100mm f/2.8, na hizi tatu zinatoka kwa kamera za aina mbalimbali. Kwa Micro Four Thirds kuna Olympus 60mm f/2.8 ya mwaka 2012. Kwa kamera mpya zisizo na kioo ndani, mwaka 2021 zilitoka Canon RF 100mm f/2.8L inayofika 1.4 badala ya 1, na Nikon Z MC 105mm f/2.8.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye orodha hiyo:

Kwanza, kuna lenzi ambazo pua yake hurefuka ukikaribia kitu, kama Tamron 90 za zamani na Tokina 100. Zinapiga vizuri sana, ila ile pua inakula umbali wa kazi, ndiyo maana nimeandika 10 hadi 15.

Pili, lenzi za Nikon za zamani aina ya AF-D hazina mota ndani. Ukiifunga kwenye mwili mdogo kama D40, D3000 au D5000, fokasi ya otomatiki haifanyi kazi. Kwa makro hiyo siyo kasoro kubwa, kwa sababu fokasi tunavuta kwa mkono. Na bei yake huwa chini. Ukijua hilo unaokoa pesa.

Tatu, kituliza mtikisiko. Kinasaidia, lakini kadiri unavyokaribia 1:1 nguvu yake inapungua. Canon wenyewe wanasema ile 100mm L inatuliza stopu 4 kwa picha za kawaida na stopu 2 kwa 1:1. Tena kinatuliza mkono wako, hakimtulizi polipu. Kama una stendi, usilipe ziada kwa ajili ya hicho kitu.

5. Tundu la lenzi na kina cha fokasi

Kwa 1:1 na f/8, sehemu itakayotoka kali ni kama mm 1 au pungufu. Ndiyo, milimita moja! Kwa f/16 unapata kama mm 2, lakini picha nzima inaanza kulainika, kwa sababu kwa 1:1 tundu la f/16 linafanya kazi kama f/32, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo kiasi hicho unasambaa.

Ninachofanya ni hiki: narudi nyuma. Kwa 1:2 na f/8 kina kinakuwa kama mm 2 hadi 3, halafu nakata picha kwenye kompyuta. Kwa picha ya kuweka mtandaoni hakuna atakayejua. Ndiyo maana nasema usilie na zaidi ya 1:1 kama ndio unaanza. Na zile f/2.8 zinazosifiwa kwenye matangazo hutazitumia kupigia matumbawe, kazi yake ni kukupa mwanga wa kuonea unapovuta fokasi.

6. Taa za bluu, mchawi mwenyewe

Matangi ya matumbawe siku hizi yana taa za LED za bluu. Matumbawe mengi yana protini zinazomeza mwanga wa bluu na kuutoa ukiwa kijani, chungwa au mwekundu. Ile ya kwanza iliyojulikana sana, ya kijani, ilitoka kwa kiwavimaji anayeitwa Aequorea victoria, na waliofanya kazi hiyo, Shimomura, Chalfie na Tsien, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2008. Mwaka 1999 watafiti kutoka Urusi walitangaza protini nyingine za namna hiyo kutoka kwa matumbawe na jamaa zake, ikiwamo nyekundu iliyotoka kwenye Discosoma. Kwa hiyo ule mng'ao siyo rangi ya kupaka, ni kazi ya mwili wa mnyama.

Kamera haielewi. Chaneli ya bluu inajaa, picha inatoka kama imemwagiwa wino. Dawa zake:

- Piga RAW, siyo JPEG, ili urekebishe rangi baadaye.
- Weka kipande cha plastiki nyeupe ndani ya maji karibu na tumbawe, kipige, kitumie kupangia mizani ya rangi ya kamera.
- Kama mizani inagoma, funga filta ya njano au chungwa mbele ya lenzi. Inapunguza bluu kabla haijafika kwenye sensa.
- Au washa zile taa nyeupe za tangi kwa dakika chache.
- Ukiona mistari ya giza imekatiza picha, LED inapepesa. Punguza kasi ya shata.

Flashi usiipige kunyooka kwenye kioo, itakurudia usoni. Iweke juu ya tangi kama una waya au rimoti. Na ujue flashi nyeupe inafuta ule mng'ao, utapata rangi ya tumbawe kama lilivyo kwenye mwanga mweupe.

7. Siku ya kupiga, fuata mpangilio huu

1. Safisha kioo ndani na nje. Mwani usiouona kwa macho, lenzi inauona.
2. Zima taa za chumbani, vaa nguo nyeusi. Shati jeupe litaonekana kwenye kioo.
3. Zima pampu, subiri dakika 5 uchafu utulie. Weka alamu kwenye simu ya dakika 15. Usipuuze hili. Matumbawe na samaki wanahitaji maji yanayotembea, na ukinogewa na picha unasahau kuwasha.
4. Kamera iwe imenyooka na kioo, siyo kwa ubavu. Ukipiga kwa pembe, ile robo tatu ya hesabu yetu inavurugika, picha inavutika na kingo zinatoa rangi za upinde wa mvua.
5. Fokasi kwa mkono. Kuza skrini, sogeza kamera yote mbele na nyuma mpaka mdomo wa polipu ukatike vizuri.
6. Anza na f/8, ISO 400 hadi 800, shata 1/125 au kasi zaidi kama polipu zinacheza. Piga nyingi. Mimi kwa kila 30 nabakiza 2.
7. Washa pampu.

Tahadhari mbili. Maji ya chumvi yakiingia kwenye kamera ndiyo kwaheri, kwa hiyo mikono ikauke kabla hujaishika. Na yale ya aina ya Zoanthus na Palythoa, kuna ambayo yana sumu kali iitwayo palitoksini. Usiyakune, usiyachemshe, usiyashike ukiwa na kidonda, na ukitaka kuyasogeza vaa glavu na miwani. Hakuna picha inayostahili jicho lako.

8. Na sisi tusio na mkwanja?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana mimi mwenyewe nilitokea huko.

Njia ya kwanza ni pete za kuongeza urefu. Hazina kioo ndani, ni mabomba matupu unayafunga kati ya kamera na lenzi. Lenzi ya mm 50 ukiiwekea pete za mm 25 unapata 1:2. Ukiziongeza zaidi utafika 1:1, lakini lenzi itasogea karibu mno na kioo, kosa langu lilelile. Nunua zenye waya za umeme, la sivyo tundu la lenzi hutaliongoza.

Njia ya pili ndiyo bora kwa matangi, na laiti ningeijua mapema: lenzi ya kubandika mbele ya zumu. Raynox wanazo mbili, DCR-150 na DCR-250, zinabana kwenye lenzi zenye mdomo wa mm 52 hadi 67. Ile 150 ina nguvu ya dayopta 4.8, umbali wa kazi kama sm 20. Ukiibana kwenye zumu ya kawaida ya mm 55–200 ikiwa kwenye 200, unapata karibu 1:1. Piga hesabu yetu: 20 toa 0.7, gawa kwa 0.75, unafika kama sm 26 ndani ya tangi. Yaani unaipita lenzi ya mm 100! Kingo za picha zitalegea kidogo, lakini katikati ni safi. Ile 250 ina dayopta 8, inakuza zaidi ila umbali unashuka mpaka kama sm 12.

Njia ya tatu ni simu na kile kilenzi cha kubana. Umbali wake wa kazi kwa kawaida ni sentimita 1 au 2. Kwa hiyo kwa matumbawe ya kwenye tangi ni kazi bure, isipokuwa lile lililogusa kioo. Kwa mdudu aliyetulia kwenye jani, poa tu.

9. Kukagua mtumba

Nendeni na tochi ya simu. Mulika lenzi kutoka nyuma ukiangalia mbele. Ukiona utando kama wa buibui, huo ni ukungu, achana nayo hata kwa bei ya kutupa. Sisi wa pwani tunaujua, joto na unyevu wa Tanga, Dar au Mombasa unautengeneza haraka, kwa hiyo hata yako mpya iweke kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu. Angalia mapezi ya tundu yasiwe na mafuta. Zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho, isikwame. Halafu piga picha ya rula ukiwa kwenye 1:1. Kwa APS-C uhesabu kama mm 22 au 23 upande mrefu. Ukihesabu 45, hiyo ni 1:2, muuzaji anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

10. Ilivyoishia kwangu

Ile ya mm 40 niliiuza kwa hasara ya pauni 50. Nikaongezea, nikapata ya mm 100 ya mtumba yenye mkwaruzo kwenye ganda, kioo kizima. Masaa ya ziada nikayapata. Ada ikaenda, imechelewa, mdogo wangu akanyamaza siku kadhaa. Alikuwa na haki.

Lakini nilikosea tena, safari hii kwa makusudi. Picha za kwanza nilizikoleza rangi, bluu juu, mng'ao juu. Zikauzika haraka. Baada ya wiki mama mmoja akarudi na kipande chake kwenye ndoo, akaniuliza kwa upole ile rangi ya kwenye picha iko wapi. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila tumbawe nalipiga mara mbili, kwenye mwanga mweupe na kwenye bluu, na picha zote mbili zinawekwa. Mauzo yalishuka kidogo mwanzoni, halafu wateja wakaanza kurudi wenyewe.

Na picha hizohizo zikafanya kazi nyingine. Nilikuwa napiga Acropora moja kila Jumamosi, mahali palepale. Wiki ya sita nikaona madoa ya duara yaliyopauka kwenye tawi, kwa macho huyaoni. Bosi akakuza picha, akasema ni meno ya minyoo bapa wanaokula Acropora. Tukalitoa kabla hawajasambaa kwa mengine.

Neno la mwisho kwa wenzangu wa pwani. Msiende kung'oa matumbawe baharini ili mpate ya kupiga picha. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali, na mwaka 1998 maji ya moto yalishababua sehemu kubwa ya miamba yetu, hatuna ya kuchezea. Subirini maji yakupwe, tafuteni kidimbwi kwenye mwamba, msikanyage matumbawe, chukueni ile Raynox na zumu kuukuu, mpige kutokea juu maji yakiwa yametulia. Kanuni ya robo tatu inafanya kazi hata hapo.

Kazi kwenu wadau. Mwenye swali aweke vipimo vyake vitatu: ukubwa wa tumbawe, umbali kutoka kioo, na aina ya kamera. Tutapiga hesabu pamoja. Ila msiniulize "lenzi gani nzuri" bila vipimo, maana hivyo ndivyo nilivyoanza mimi.